Mfuko Umelala, Mashamba Yanaondoka: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti na Madiwani

Waheshimiwa Mwenyekiti, Madiwani na Watendaji wa Halmashauri,

YAH: MFUKO WA KUHIFADHI ARDHI YA KILIMO

Nawasalimu kwa heshima.

Barua zangu nne zilizotangulia zilianza kwa maneno yale yale ya ofisini, "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." Ya kwanza ilipokelewa na kugongwa muhuri. Ya pili niliambiwa imefika. Ya tatu niliambiwa faili liko mezani kwa mkubwa. Ya nne nilishauriwa niandike nyingine, kwa kuwa mkubwa yule amehamishwa. Nyingine ndiyo hii, ila safari hii nimeona niisome mbele za watu, kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, na fedha zinazohusika si zangu wala si zenu.

Mnakumbuka mlivyouanzisha mfuko huu. Mlipiga kura ukumbini, mkakubaliana kwamba kila mwaka litatengwa fungu la kununua haki ya kujenga kutoka kwa wakulima walio tayari, ili shamba libaki shamba. Siku ile tulikuwa tumejaa viti vya nyuma na tulipiga makofi kweli kweli. Mimi nilijaza fomu kabla mwezi haujaisha, nikaambatisha nakala ya hati, ramani ya mipaka na majibu ya kipimo cha udongo. Huu ni mwaka wa tatu. Mfuko haujalinda hata shamba moja. Katika muda huohuo mashamba matatu yanayopakana na langu upande wa barabara yamegeuka viwanja.

Kwa faida ya ambao hawakuwapo ukumbini, nieleze kidogo, maana nimesikia wengine wakisema serikali inataka kunyang'anya watu mashamba, na wengine wakisema wakulima tunataka kulipwa kwa kukaa bure. Shamba lililo karibu na mji lina bei mbili. Ipo bei atakayotoa mtu anayetaka kulima, na ipo bei atakayotoa mtu anayetaka kukata viwanja. Mthamini huzipima zote mbili, na ile tofauti ndiyo thamani ya haki ya kujenga. Mfuko unamlipa mkulima tofauti hiyo, kisha zuio linaandikwa kwenye hati na kushikamana na ardhi daima. Mkulima anabaki na shamba lake. Analima, anakodisha, anarithisha, hata kuuza anauza akipenda. Kitu ambacho yeye wala atakayemfuata hawezi kukifanya ni kumwaga zege.

Wala si jambo mlilobuni ninyi mkakosa wa kumuuliza. Kaunti ya Suffolk, katika jimbo la New York, ilianza utaratibu huu mwaka 1974, ilipoona mji umeshafika kwenye ua wa mashamba yake. Mwaka 1979 wapiga kura wa kaunti ya King, jimbo la Washington, waliidhinisha mkopo wa dola milioni 50 kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1987 wapiga kura wa Pennsylvania waliidhinisha dola milioni 100. Leo katika kaunti moja tu ya jimbo hilo, Lancaster, zaidi ya ekari 100,000 zimefungwa zisijengwe kamwe, na bado zinalimwa.

Sasa nieleze manung'uniko yangu.

1. Ucheleweshaji wenu umeuza shamba la jirani yangu.

Jirani yangu ni mzee wa makamo ya baba yangu. Naye alijaza fomu, tena mimi ndiye niliyemsomea maswali kwa sababu macho yamepungua. Hakutaka kuuza. Alitaka apate kiasi cha kumtosha uzeeni, kisha amwachie shamba mjukuu wake, kijana anayeijua kazi. Alisubiri mwaka wa kwanza. Akasubiri wa pili. Dalali alikuwa anapita kila baada ya wiki mbili, na sifa moja lazima nimpe dalali yule: kila alipoahidi kuja, alikuja. Mzee alipougua, akahitaji fedha mwezi huo, halmashauri ilikuwa na fomu yake na dalali alikuwa na hundi.

Tingatinga lilifika asubuhi. Nilidhani litaanza kuchimba misingi, kumbe kazi ya kwanza ilikuwa kukwangua udongo wa juu, ule mweusi, na kuurundika pembeni kama kichuguu. Nilivuka mpaka nikachukua konzi moja. Ukiufinya unashikana, ukiubonyeza kwa kidole gumba unameguka vipande vipande, na ndani yake kuna vishimo vya minyoo na vinyuzi vya mizizi. Udongo wa namna hiyo mzee yule aliutunza kwa samadi na mabaki ya mazao tangu sijaenda shule. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema sentimita 2 hadi 3 za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujitengeneza. Pale palikuwa na kina cha kufika katikati ya muundi. Baada ya siku mbili malori yakaja kuuchukua, ukauzwa kwa watu wa bustani za maua. Chini kulibaki udongo mwekundu mgumu kama kigae, na juu yake vigingi vyenye vichwa vya rangi.

Waheshimiwa, nyumba ikijengwa pabaya inaweza kubomolewa. Udongo ule haurudishwi na azimio la kikao.

2. Shamba linaanza kufa kabla halijauzwa.

Hili huwa halionekani ukiwa ofisini, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Mkulima asiyejua kama mwaka kesho atakuwa hapo huacha kwanza kazi zile zinazolipa polepole. Hachimbi makinga maji mapya. Hapandi miti ya kuzuia upepo. Paa la ghala likivuja anafunika kwa turubai. Mimi mwenyewe nina mtaro upande wa chini wa shamba ambao ukuta wake umebomoka, na kila mvua kubwa unakula hatua moja ya ardhi yangu. Kuujenga upya kunataka mawe, saruji na vibarua wa wiki nzima. Kila nikitaka kuanza najiuliza, namjengea nani? Nikilipwa na mfuko, kazi ya kwanza ni mtaro ule. Nisipolipwa, labda namjengea mwenye tingatinga.

Likiondoka shamba moja, hayabaki mengine kama yalivyokuwa. Fundi wa matrekta anahama kwa kuwa matrekta yamepungua. Muuza mbegu anaagiza kidogo, na bei inapanda. Lori la kubeba mazao lililokuwa likizunguka mashamba sita sasa linaambiwa liingie ndani kwa mashamba mawili, na mwenye lori anakataa. Halafu wanakuja wakazi wapya, watu wema tu, ambao walipenda mandhari ya mashamba lakini hawapendi harufu ya samadi, vumbi la kulima wala mlio wa trekta saa kumi na moja alfajiri. Nimeshaitwa kwa mtendaji mara mbili kuhusu samadi. Samadi yenyewe ilikuwapo kabla ya nyumba zao.

3. Fedha za mfuko zimekwenda wapi?

Nilinunua nakala ya kitabu cha bajeti na kukaa nacho. Mwaka wa kwanza mstari wa mfuko upo na una fedha. Mwaka wa pili mstari upo, lakini nusu ya fedha imehamishiwa "shughuli nyingine za ardhi". Mwaka wa tatu mstari wenyewe haupo. Niliuliza dirishani shughuli nyingine za ardhi ni zipi. Nikajibiwa, kwa mdomo tu, kwamba ni pamoja na upimaji wa viwanja vipya.

Nilimwomba arudie, akarudia.

Kama ni kweli, fedha zilizotengwa kulinda mashamba ndizo zilizoyakata. Nimewauliza kwa maandishi kama vigingi vile kwenye shamba la jirani yangu vililipiwa kutoka mfuko huu. Sijajibiwa. Ninauliza tena hapa, na ningependa sana kukosolewa kwa kuonyeshwa hesabu.

4. Ramani peke yake haitoshi.

Mtasema mnayo ramani ya matumizi ya ardhi, na eneo letu limepakwa rangi ya kilimo. Ni kweli, na ramani ni kitu chema. Tatizo ni kwamba ramani hubadilishwa na watu walewale walioichora, tena kwa kura ya mchana mmoja. Hapahapa petu nimeshuhudia rangi ikibadilika mara mbili, na mara zote mbili aliyenunua alikuwa ameshanunua kabla rangi haijabadilika. Sitasema zaidi ya hapo.

Tazameni yaliyotokea Ontario, Kanada. Mwaka 2005 jimbo lile lilichora ukanda wa kijani kulinda mashamba na misitu kuzunguka Toronto. Mwaka 2022 serikali ya jimbo ikatangaza kuondoa ekari zipatazo 7,400 zijengwe nyumba. Agosti 2023 Mkaguzi Mkuu wa jimbo alitoa ripoti: ardhi ile haikuhitajika kutimiza lengo la nyumba, na wenye nayo wangeweza kuona thamani yake ikipanda kwa zaidi ya dola bilioni 8.3. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu wa jimbo akaomba radhi na kurudisha kila kitu. Wao walikuwa na mkaguzi aliyesema na gazeti lililofuatilia. Si kila ramani ina bahati hiyo.

Halafu kuna upande wa haki, na hapa naomba wenzangu wanaotaka zuio tupu bila malipo wanivumilie. Ukimkataza mkulima kujenga bila kumlipa chochote, umemfanya yeye peke yake abebe gharama ya kitu kinachowafaa wote: chakula cha karibu, maji yanayozama ardhini badala ya kufurika mitaani, uwazi wa kupumua. Kwa wengi wetu shamba ndiyo pensheni. Oregon, Marekani, ilikuwa na moja ya sheria kali kabisa za kulinda mashamba, ya mwaka 1973, na bado mwaka 2004 wapiga kura walipitisha sheria iliyozilazimisha mamlaka kumlipa mwenye ardhi fidia au kumwondolea zuio. Madai yalimiminika, hadi mwaka 2007 wapiga kura haohao wakaipunguza makali. Hawakuwa watu wanaochukia mashamba. Walichoka kuona mzigo ukiwekwa kwenye bega moja.

5. Hatujui mnachagua vipi.

Fomu ina vipengele kumi na vinane, lakini hakuna mahali palipoandikwa kila kipengele kina alama ngapi. Je, kinachohesabika ni ubora wa udongo, ukaribu na mji, au kujuana? Msipochapisha alama, watu watajijibu wenyewe, na mnajua watajibu nini.

Najua majibu mnayoyaandaa. Nimeshayasikia korido.

La kwanza ni kwamba fedha hazipo. Nakubali kwamba haki ya kujenga si ya bei rahisi. Lakini si lazima kulipa zote siku moja. Kaunti ya Howard, Maryland, ilipoona bei ya ardhi inaikimbia bajeti, mwaka 1989 ilianza kulipa wakulima kwa mkataba wa muda mrefu: mkulima anapata riba kila baada ya miezi sita, na deni lenyewe analipwa mwisho wa mkataba, hadi miaka 30 baadaye. Ili fedha za mwisho zisikosekane, kaunti inanunua mapema hati fungani, yaani hati za mkopo zenye ahadi ya kulipwa siku maalumu, za kuiva siku hiyo, ambazo leo zinapatikana kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake ya mwisho. Mimi ningesaini mkataba kama huo kesho. Wakulima tumezoea kupanda leo na kusubiri.

Tena tupige hesabu ya upande wa pili. Viwanja vinaleta kodi, sawa, lakini vinaleta pia barabara za kutunza, mifereji, taka, shule na zimamoto. American Farmland Trust, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1980, limekusanya tafiti nyingi za wilaya mbalimbali kuhusu jambo hili. Katika matokeo ya katikati, kwa kila dola 1 ya mapato yanayotoka kwenye makazi, mamlaka ilitumia dola 1.16 kuyahudumia. Kwa mashamba na ardhi ya wazi ilitumia senti 37. Ng'ombe haendi shule. Sisemi hesabu za kwetu zitafanana na hizo hadi senti, ila nani miongoni mwenu amewahi kuzipiga?

La pili ni kwamba watu wanahitaji nyumba. Wanahitaji, na watoto wangu wamo. Lakini tuulizane kwa nini nyumba zinakuja kwanza kwenye udongo bora. Zinakuja kwa sababu ardhi nzuri ya kulima ni tambarare, haituamishi maji na iko kando ya barabara, na hizo ndizo sifa anazozipenda mjenzi mwenye haraka. Ndani ya mji kuna viwanja vilivyokaa na nyasi miaka kadhaa na maghala yasiyo na kazi. Kujenga huko kunataka mipango na uvumilivu. Shambani kunataka tingatinga tu. Wala sijaomba kila shamba lilindwe. Kuna kipande changu chenye mawe upande wa juu, mkitaka kujenga zahanati pale njooni tuzungumze.

La tatu huwa mnalisema kwa sauti ya chini: wakulima wenyewe ndio wanaouza. Ndiyo, tunauza. Mtu akikaa na mlango mmoja tu wa kutokea, msishangae akipitia huo. Mfuko ulikusudiwa kuwa mlango wa pili.

Ipo na hoja moja ambayo hamjaitoa lakini ni ya kweli, kwa hiyo naitoa mwenyewe. Fedha hizi zinaweza kuishia kwa tajiri mwenye shamba kubwa anayelipwa, kisha analiacha pori, huku kijana asiye na ardhi akibaki kukodi. Kulinda ardhi si sawa na kulinda kilimo. Ufaransa, tangu miaka ya 1960, ina mashirika yaitwayo SAFER ambayo huarifiwa shamba linapotaka kuuzwa na yana haki ya kulinunua kwanza, kisha huliuza kwa mkulima, wakiwamo vijana wanaoanza. Jambo la namna hiyo linaweza kuandikwa kwenye mkataba wa mfuko wetu tangu mwanzo. Likisahauliwa, mtakuwa mmenunua mandhari.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba yafuatayo:

(a) Mfuko uwe na akaunti yake, na fungu lake lisihamishwe bila kura ya wazi ya Baraza.

(b) Hesabu za miaka mitatu zibandikwe kwenye mbao za matangazo, pamoja na maelezo ya zile "shughuli nyingine za ardhi". Kilichohamishwa kirudishwe.

(c) Kila mwombaji ajibiwe ndani ya siku 60, hata kama jibu ni hapana. Hapana tunaiweza. Kimya ndicho kimetushinda.

(d) Alama za kila kigezo zichapishwe, na ubora wa udongo upewe uzito wa kwanza.

(e) Ardhi iliyopakana na mashamba yenye maombi isibadilishwe matumizi hadi maombi hayo yaamuliwe.

(f) Mkataba uweke sharti la shamba kulimwa, na uipe halmashauri nafasi ya kwanza ya kununua likiuzwa, ili limfikie anayelima.

(g) Kamati ya mfuko iwe na wakulima wawili waliochaguliwa na wakulima wenyewe. Posho si lazima.

Kikao cha bajeti kinakuja. Nimeomba kwa maandishi dakika kumi za kuzungumza, na nakala ya ombi hilo imegongwa muhuri wenu. Nisipopewa nitakaa viti vya nyuma kama siku ile, nikiwa na kitabu cha bajeti mkononi, na nitasubiri mfike kwenye ule mstari usiokuwapo. Konzi ile ya udongo wa mzee bado ninayo, nimeitia kwenye kopo na nitaiweka mezani kwenu ili kila diwani aifinye mwenyewe kabla ya kupiga kura.

Dalali, kwa taarifa yenu, alipita kwangu Jumanne iliyopita. Nilimwambia nasubiri jibu la halmashauri. Akacheka, akaniachia kadi.

Wenu katika ujenzi wa eneo letu,

Mkulima, mwombaji wa mwaka wa kwanza wa Mfuko wa Kuhifadhi Ardhi ya Kilimo

Nakala: Wakulima wote walioomba. Wanajijua.